Nani Amekufa Kwenu?

Nywele za Jescah zilianza kutoka Jumatano asubuhi, na kufikia Jumapili hapakuwa tena na cha kuchana. Daktari alikuwa amemwonya. Alimweleza kwamba dawa ile ya mshipani haichagui, inafukuza kila kinachokua haraka mwilini, kansa na nywele pamoja, na kwamba nywele zitarudi. Jescah aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Siku alipookota nywele zake mwenyewe kwenye sufuria ya mboga ndipo alipoelewa.

Mumewe, George Osiako, mtu wa kiwanda cha sukari asiyezoea maneno mengi, ndiye aliyezimalizia zile chache zilizobaki, kwa wembe, nyuma ya nyumba. Alizifukia kwenye migomba, akafuta wembe, akasema, "Kichwa yako iko na umbo mzuri, mama Tracy." Jescah alimtazama aone kama anamcheka. Hakuwa akimcheka, na hilo ndilo lililomliza.

Siku kumi baadaye nyusi nazo zikafuata. Binti yao Tracy, aliyekuwa akisoma koleji mjini Kakamega, alimletea wigi. Jescah aliijaribu mbele ya kioo, akajiona kama msomaji wa habari aliyepotea njia akaangukia Malava, akairudisha kwenye mfuko wake. Akachagua kitambaa cha kichwa, kilichofungwa chini mpaka karibu kifunike macho.

Lakini tuseme ukweli, kichwa chenyewe kingevumilika. Wanawake wa Malava wamekwisha kuona kansa. Kansa ya titi ina utepe wake wa waridi, ina fulana zake na siku yake ya kutembea barabarani watu wakipiga picha. Ya Jescah haikuwa na utepe wala fulana. Ya Jescah ilikuwa kwenye kibofu cha mkojo, na hapo ndipo ulimi wake ulipokwama.

Ilikuwa imeanza na damu. Alikwenda msalani, akaona maji yamekuwa mekundu, akajiambia ni mambo ya umri. Kisha akaanza kukimbia huko kila saa, akiacha wateja wa kibanda chake cha ushonaji wamekaa na nguo zenye pini. Kwenye kliniki moja ya mtaani mhudumu alimwuliza, bila kupunguza sauti na watu wamejaa kwenye benchi, kama mzee wake ana tabia ya kutembeatembea. Akampa vidonge vya kisonono, vya watu wawili. George alivimeza vyake bila kosa lolote, na kwa mwezi mzima wakawa wakila meza moja kama watu waliokutana hotelini. Miezi sita ikapotea hivyo. Walipofika hospitali kubwa, katika mji mwingine, madaktari walimwingiza mpira wenye kamera, pale pale unapodhania, vijana wa rika la Tracy wakiwa wamesimama kandokando na madaftari. Wakauona uvimbe. Wakasema atapigwa kemo, dawa ile ya mshipani, mara nne, halafu apasuliwe kibofu kitolewe, na kuanzia hapo mkojo wake utatokea tundu la tumboni na kuingia kwenye mfuko.

Basi Jescah akawaapisha George na Tracy. Mtu akiuliza, mama ana presha. Presha ni ugonjwa wenye heshima zake Malava, hata mchungaji anayo.

Mtu mmoja tu hakuambiwa lolote, hata hiyo presha. Huyo alikuwa Senge Navalayo wa Iguhu, dada ya baba yake, aliyemchukua akiwa na miaka saba mama yake alipofariki. Ndiye aliyemlea na kumfundisha kushona, na ndiye aliyesimama mbele ya wakwe siku ya kuolewa kwake. Jescah alikuwa na miezi minne hajakanyaga Iguhu. Senge alipopiga simu, Jescah alisema ana kazi nyingi, akakata. Alijua kwamba mwanamke huyo akimsikia akipumua tu, atajua.

Jumanne moja, Mama Abigail aliingia kwenye kibanda cha Jescah kupimwa sare. Abigail alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa kanisa, mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, mtu ambaye harusi na mazishi ya pale hayakwenda bila yeye kushika mwiko. Jescah alikuwa anamalizia kola ya mtu mwingine. Uzi ukajikunja chini ya sindano. Akainama kuutazama huku mguu wake ukiendelea kukanyaga cherehani, na ncha ya kitambaa cha kichwa ikaingia kwenye gurudumu. Gurudumu likafanya kazi yake. Lilikivuta kitambaa chote mara moja, likakizungusha kwenye mkanda, na Jescah akabaki na kichwa chake, kitupu na kinachong'aa, katikati ya soko la Malava.

"Uwii!" Abigail alishika kifua. "Mama Tracy! Umenyolewa?"

Jescah alifunika kichwa kwa mikono miwili.

"Nani amekufa kwenu?"

Mgeni wa pande hizi angeuliza kama anaumwa. Lakini pale, mwanamke mzima akionekana kipara ghafla, watu wanajua mara moja kwamba ametoka kuzika. Siku ya tatu baada ya maziko, wa damu ya marehemu wananyolewa ili kifo kisiwafuate nyumbani. Siku hizi wengi wamepunguza, wanakata kidogo tu pembeni, basi, na makanisa mengine hayataki hata hicho kidogo. Lakini kila mtu anaijua maana yake. Abigail hakuwa na hila yoyote alipouliza. Alikiona alichokiona, akauliza swali lake.

Na Jescah aliliona swali hilo kama mlango uliofunguliwa. Neno kansa lilikuwa limefika kwenye meno. Lakini alijua kwamba nyuma yake linakuja jingine, kwa sababu watu wote wakisikia kansa huuliza ni ya wapi. Hapo pa kutaja wapi ndipo asipoweza.

"Senge," akasema.

"Senge gani? Si yule wa Iguhu? Navalayo?"

Jescah akainamisha kichwa. Hakusema ndiyo. Baadaye alijitetea mwenyewe kwa hilo, kwamba hakusema ndiyo.

"Mama wee. Yule mama! Nilikula ingokho yake, ile kuku ya harusi yenu, mpaka leo naisifuanga." Macho ya Abigail yalijaa machozi. "Alikuwa na nini?"

"Presha," akasema Jescah, maana neno lilikuwa mdomoni tayari.

Abigail akatikisa kichwa kwa huzuni. Kisha akasogea, akamtazama usoni. "Na hizi nyusi?"

"Huko kwetu wananyoanga mpaka nyusi," Jescah akasikia sauti yake ikisema. "Kama ni mtu wa karibu sana."

"Ninyi watu wa Idakho muko na mambo. Sisi Wakabras hatufikishanga huko." Akakaa kwenye kiti cha wateja, na huzuni yake ikaanza kugeuka hasira. "Lakini mama Tracy, unazika mtu yako kimya kimya, kikundi haijui? Nikizika mama yangu si ulichota maji siku nne?"

"Ilikuwa haraka."

"Hakuna haraka ya hivyo. Jumamosi tunaenda Iguhu, kikundi yote. Tunaona kaburi, tunaimba, tunapikia wafiwa, ndio turudi."

"Amekwisha kuzikwa, Mama Abigail. Ni mbali. Na hii mvua."

"Hata kama alizikwa mwaka jana," akasema Abigail, na akaondoka bila kupimwa.

Kufikia saa tisa soko zima lilijua. Wanawake walikuja mmoja mmoja na sukari, majani ya chai, mchele kwenye karatasi. Jescah alipokea kila kitu kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, na kila alipopokea alihisi anaiba. Milcah, muuza mboga aliyekuwa mnyonge kuliko wote, alikuja na mayai sita na kulia machozi ya kweli, kwa sababu yeye pia alilelewa na senge. Jescah akalia pamoja naye. Milcah alidhani ni uchungu wa kufiwa. Ilikuwa aibu tupu, aibu ya kumtoa machozi maskini wa watu kwa mazishi ambayo hayapo.

Jioni George aliyakuta mayai mezani, akaelezwa. Akayahesabu, moja mpaka sita.

"Umeua Senge," akasema mwishowe. "Na juzi amenipigia simu kuniuliza mbegu ya maharagwe."

"Sikujua nitasema nini."

"Kesho mwambie Abigail ukweli."

"Atauliza ni ya wapi."

"Si umwambie."

"Mwambie wewe, baba Tracy. Hapana, niambie mimi. Hapa, tuko wawili tu. Sema iko wapi."

George alifungua mdomo. Akatazama kikombe chake, akatazama mlango. "Huko chini," akasema.

"Umeona?" akasema Jescah. George akaondoa mayai mezani na kuyaweka kabatini, polepole, moja moja.

Alhamisi Jescah alipiga simu Iguhu. Alikuwa amejipanga kusema yote kwa pumzi moja. Lakini Senge Navalayo hupokea simu kama mtu anayemwita jirani wa ng'ambo ya mto.

"Jescah! Mwanangu! Uko hai?"

"Niko, Senge. Na wewe uko?"

"Nitaenda wapi? Niko!"

"Senge, Jumamosi wageni watakuja huko. Akina mama wa kikundi yetu. Wanakuja kuona..." Kaburi lako, ndilo neno lililofuata. Jescah hakulisema.

"Kuniona mimi? Kwani nimefanya nini?" Senge akacheka kwa furaha. "Basi nitachinja. Waambie nitachinja!"

Jescah akakata simu, akaketi kwenye cherehani akiwa amefunika uso kwa kola ya shati la mtu.

Kwa hiyo Ijumaa akaenda mwenyewe. Mwenye boda alimshusha njia panda, akashuka kwa miguu ule mteremko aliokuwa akiupanda na vitabu kichwani zamani zile. Miguu ilikuwa mizito, kemo ya tatu ilikuwa bado imo mwilini. Njia nzima alitafuta maneno, akakosa. Alipofika kwenye ua, akaamua jambo lililoonekana la busara wakati ule. Angevua kitambaa. Angeingia kichwa wazi, na kichwa kingemsemea, naye angebaki tu kujibu maswali.

Senge alikuwa ameinama kwenye viazi vitamu akipalilia. Aliinua macho, akamwona mtoto wake amesimama langoni, kipara, bila nyusi, amekonda, peke yake, siku ya kazi, baada ya miezi minne ya kukatiwa simu.

Jembe likaanguka.

"Uuuuwi! George! Uuuuwi, mkwe wangu weee!"

"Senge, hapana..."

Lakini Senge alikuwa amekwisha kujitupa chini, mikono kichwani, na kilio chake kilikuwa kilio cha mtu aliyezika wengi na kujua namna inavyofanywa. Kilipanda mteremko, kikaingia nyumba za upande wa pili. Milango ikafunguka. Mzee Patroba, jirani wa mpaka mmoja, akatokea kwenye ua amebeba kiti tayari, kwa sababu mtu anayejua matanga hangoji kuambiwa kwamba viti havitoshi. Wanawake watatu wakaja mbio wakiwa na matope mpaka magotini, nao wakaanza kulia kabla ya kujua wanamlilia nani.

"Senge, si George! George yuko!"

Senge akanyamaza kidogo, akamtazama. Kisha uso wake ukabadilika kuwa mbaya zaidi. "Tracy! Uuuuwi, Tracy! Mtoto mdogo weee!"

"Si Tracy! Senge, amka!"

"Basi ni nani, mama?" akauliza Mzee Patroba, amesimama na kiti chake. "Tunalia nani?"

Watu walikuwa wakiongezeka. Mmoja alikuwa na simu sikioni akimwambia mtu kwamba mume wa Jescah ameanguka. Jescah akaona kwamba kwa dakika chache tu habari itarudi Malava kabla yake, na George atapigiwa simu za rambirambi zake mwenyewe. Akapiga kelele ambayo hakujua anayo.

"Hakuna mtu amekufa! Ni dawa imetoa nywele! Ni mimi mgonjwa! Niko na kansa ya kibofu!" Na kwa kuwa bado walimtazama kama hawakusikia, "Kibofu ya mkojo! Nakojoa damu!"

 Alilisikia neno lake likipita juu ya ua na kwenda zake bondeni.

"Ya nini?" akauliza mwanamke aliyechelewa kufika.

"Ya mkojo," mwenzake akamwambia.

Jescah alitamani ardhi ya viazi ile ile impokee. Uso ulimwaka mpaka kwenye kipara, na hapakuwa na nywele hata moja ya kuuficha. Mzee Patroba aliweka kiti chini, akampungia mkono akae. "Pole sana, mama," akasema. "Kaa. Umesimama sana." Kisha akawageukia wengine, akawaondoa kwa macho tu, naye mwenyewe akafuata nyuma yao.

Ndani ya nyumba Jescah alimwambia Senge yote. Damu, kliniki, mpira wenye kamera, kemo, mfuko unaokuja. Senge alisikiliza akiwa amemshika kifundo cha mkono, hakumkatiza mahali popote. Kisha Jescah akafika kwenye habari ya Jumamosi, na hapo akaeleza akiwa ametazama sakafu.

"Kwa hivyo mimi nimekufa," akasema Senge.

"Nisamehe, Senge."

"Nilikufa na nini?"

"Presha."

"Mimi sina presha." Alifikiri kidogo. "Walilia?"

"Milcah alilia sana."

"Vizuri." Akauachia mkono wa Jescah, akajipangusa matope ya viazi kwenye sketi, na alipoongea tena hapakuwa na mzaha. "Jescah. Uliona afadhali nife mimi, kuliko wewe useme mkojo."

Jescah akakikunjakunja kitambaa chake cha kichwa mapajani.

"Ulikuja hapa na miaka saba. Ulikojoa kwa kitanda mpaka darasa la nne. Nani alikuwa anaamka kukubadilishia nguo? Nani alianika ile blanketi nyuma ya nyumba, si hapa mbele, watoto wasione wakucheke? Mkojo yako niliijua kabla bwana yako akujue jina. Na hiyo ndio ulienda kunificha. Mimi!"

Alilia hapo, Senge, kilio kidogo kisicho na sauti, tofauti kabisa na kile cha shambani. Jescah alijua kwamba alichokiogopa muda wote, kuchekwa na soko, kuulizwa ni ya wapi, hakikuwa chochote mbele ya hili. Alipiga magoti kwenye sakafu. Senge alimwacha apige magoti muda wa kutosha, kisha akampa uji.

"Piga simu uwaambie wasije," akasema.

"Ndiyo, Senge."

"Hapana, ngoja." Alibadili nia akiwa ameshika kata. "Wacha waje. Uliwaambia kwa mdomo, utawaambia kwa mdomo, wakikuangalia. Na usinitazame nikusaidie. Mimi ni marehemu. Marehemu hajibu wageni."

Jumamosi saa nne walikuja wakiimba. Walikuwa kumi na wanne, sare nyeupe na bluu alizozishona Jescah mwenyewe, Abigail mbele amembeba kuku kwapani, Milcah nyuma na kapu. Waliimba wimbo wa msiba kwa sauti ya chini, wakiteremka njia ya matope mmoja nyuma ya mwenzake. Senge Navalayo alikuwa ameketi kwenye kiti mbele ya mlango wake, amevaa gauni la kanisani, mikono mapajani. Hakutikisika.

Milcah ndiye aliyemwona kwanza. Alipiga yowe na kushika mkono wa aliyekuwa mbele yake, na wimbo ukakatika vipande vipande, wengine wakiendelea na ubeti, wengine wakimtaja Yesu.

Jescah, aliyelala hapo, alikuwa langoni, kichwa wazi. Alikuwa amejiandalia hotuba, ikampotea yote.

"Hajafa," akasema. "Niliwadanganya. Hakuna mtu alikufa. Sikunyolewa. Ni dawa ya kansa imenitoa nywele. Na hizi nyusi pia. Huku hawanyoangi nyusi."

 Kuku akajitahidi kidogo kwapani mwa Abigail, akakata tamaa.

"Kansa ya wapi?" akauliza Abigail.

Lilikuwa limefika. Jescah alitazama nyuma mara moja, kwa mazoea ya miaka arobaini na moja, na marehemu akatazama pembeni.

"Ya kibofu ya mkojo," akasema Jescah. "Mwezi ujao wanaitoa. Nitakuwa nakojoa kwa mfuko, hapa tumboni. Niliona aibu. Ndio nikasema Senge."

Alingoja wacheke, au wageuke waende zao. Wanawake wa nyuma walikuwa wakinong'onezana, na mmoja alikuwa amefunika mdomo. Abigail hakunong'ona. Uso wake mkubwa ulikuwa umelegea, na alikuwa akitazama viatu vya Jescah.

"Tangu lini?" akauliza.

"Mkojo kunitoka ovyo? Sasa ni mwaka. Zaidi ya mwaka. Nilikuwa navaa kitambaa ndani, kuna siku haikushika."

"Kwa hivyo hata wakati wa mavuno. Wakati ule tuliimba kanisani."

"Hata huo."

Abigail akavuta pumzi. "Ni mimi," akasema. Sauti ile iliyozoea kupanga mazishi ilikuwa imekuwa ndogo kama ya mtoto aliyevunja kitu. "Ni mimi niliambia kamati unanukanga mkojo. Niliwaambia huogi, unajifanya fundi na huogi. Ndio tukakutoa mstari wa mbele kwa kwaya. Tukakuambia ni zamu ya wengine."

Jescah aliikumbuka Jumapili hiyo. Alikuwa amempigia makofi aliyechukua nafasi yake. Miezi yote aliyokuwa akificha neno lile, akimwapisha mumewe, akimzika Senge akiwa hai, neno lilikuwa limekwisha kukaa kwenye kamati, limejadiliwa na kuamuliwa. Damu ilimpanda usoni tena. Akarudi nyuma hatua moja, na nyingine, kwa sababu alikumbuka kwamba alitembea kilima kizima asubuhi kuchota maji, na jua lilikuwa kali, na watu kumi na wanne walikuwa karibu naye kiasi cha kusikia harufu.

"Naona aibu, mama Tracy," akasema Abigail, machozi yakimshuka, wala hakuyafuta kwa sababu ya kuku. "Mungu anaona, naona aibu."

"Hata mimi," akasema Jescah.

Wakabaki wamesimama hivyo, kila mmoja akitazama miguu ya mwenzake, na wale wengine hawakujua waimbe au warudi. Ndipo marehemu alipochoka.

"Wewe mwenye kuku!" Senge aliita kutoka kitini. "Unaacha mgonjwa amesimama kwa jua? Mshike umlete ndani. Hiyo dawa inamalizanga nguvu ya magoti."

Abigail alimhamishia kuku mkono wa kushoto, akamshika Jescah kiunoni kwa ule wa kulia. Jescah alijaribu kujitenga kidogo, kuacha nafasi ya upepo kati yao, maana sasa alijua. Abigail alimvuta karibu zaidi, kichwa chake kitupu kikamgusa begani, wakaingia uani hivyo hivyo, polepole.